Mpangaji na Mpangaji: Kazi Yangu Meru na Embu, na Nyumba ya Bibi Majengo

Kila nikipiga simu nyumbani Mombasa, bibi yangu huniuliza maswali matatu, kwa mpangilio ule ule. Nimekula nini, baridi ya huko ikoje, na kazi yangu hasa ni kazi gani. Mawili ya kwanza hayana taabu. La tatu limenisumbua kwa miaka minne. Siku ya kwanza nilipomwambia kuwa mimi sasa ni mpangaji miji, alicheka. "Hata mimi ni mpangaji, mwanangu. Ardhi hii nailipia kila mwezi."

Si bibi peke yake. Nikirudi mtaani likizo, kuna anayedhani nachora ramani za nyumba, kuna anayeniletea hatimiliki nimhakikishie kama ni ya kweli, na kuna anayeninong'oneza kama ni mimi nitakayekuja na rangi nyekundu kuandika X ukutani kwake. Nimeona afadhali nieleze mara moja, hapa, ili tukikutana Makadara tuzungumze mambo mengine.

Nimezaliwa na kukulia Majengo, Mombasa. Nina miaka 29. Tangu nimalize chuo nimefanya kazi za mkataba Embu, kisha Meru, na katika miji midogo iliyo kati yake. Nitakayoyasema nimeyaona huko, lakini nayasema kwa sababu yanatuhusu sisi wa Pwani.

Kazi yenyewe

Msanifu majengo huchora nyumba. Mpimaji hupima mipaka ya ploti. Mthamini hutaja bei. Mpangaji miji hushughulika na yaliyo baina ya nyumba na nyumba: barabara ipite wapi na iwe na upana gani, maji ya mvua yateremkie wapi, soko likae karibu na stegi au mbali nayo, mtoto atafikaje shule bila kuvuka barabara kuu, taka zitupwe wapi, na ardhi ipi isijengwe kabisa. Ukikuta mtaa ambao gari la zimamoto haliwezi kuingia, ujue ama hapakupangwa, ama palipangwa na mpango haukufuatwa.

Tangu Katiba ya 2010, kupanga miji ni kazi ya serikali za kaunti. Sheria kuu inayotuongoza ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1996. Ipo pia Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019. Hii ndiyo inayosema mji upi uitwe nini. Jiji linahitaji wakazi wasiopungua 250,000. Manispaa 50,000. Mji 10,000. Kituo cha soko 2,000. Makao makuu ya kaunti yanaweza kuwa manispaa hata kama idadi haijatimia. Hivi sasa Kenya ina majiji matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru tangu Desemba 2021, na Eldoret tangu Agosti 2024. Meru na Embu ni manispaa.

Hapo watu huniuliza swali zuri. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru, na 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Iweje wenye watu wengi wawe manispaa na sisi tuwe jiji? Jibu ni kuwa sheria huhesabu wakazi wa mji, si wa kaunti. Watu wa Meru wengi wanaishi mashambani, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, penye chai, kahawa na ndizi. Embu ni vivyo hivyo, kaunti yenye watu 608,599.

Hilo si jambo la vitabuni tu. Mji wa namna hiyo hujaa mchana na kupungua usiku. Alfajiri matatu zinateremsha watu kutoka vijijini. Soko la Gakoromone pale Meru limeshachangamka kabla jua halijatoka. Jioni wanarudi makwao. Ukiupangia mji huo vyoo, maji na nafasi ya stegi kwa hesabu ya wanaolala humo, utakuwa umewasahau wanaoulisha.

Macho ya mwanamke

Kikao changu cha kwanza Embu, niliingia ukumbini nikiwa nimekumbatia ramani nne zilizokunjwa. Mzee mmoja akanipokea kwa heshima, akanipa kiti, akaniuliza, "Mpangaji mwenyewe atafika saa ngapi?" Nikamjibu ameshafika. Aliona haya, na tangu siku ile tukawa marafiki. Lakini swali lile nimeulizwa tena mara nyingi, na si kila aliyeuliza aliona haya.

Kila mahali hupewa jina. Embu niliitwa Mswahili. Meru niliitwa msichana, hata na vijana niliowazidi umri. Niliwahi kwenda Ulaya kwa mafunzo ya majuma matatu, na huko nikagundua kuwa mimi ni mwanamke Mweusi, jambo ambalo Majengo hakuna aliyewahi kuniambia. Mgeni huangaliwa sana, lakini naye huona vitu ambavyo wenyeji wameshavizoea.

Nilichoona ni giza. Ikweta inapita karibu na mji wa Meru, kwa hivyo jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu za jioni mwaka mzima. Maduka mengi hufungwa saa moja. Maana yake, muuzaji anayefunga duka na kuteremka hadi stegi hutembea gizani kila siku ya kazi, Januari hadi Desemba. Tangu nilipogundua hivyo, kila njia ninayoipanga huitembea mara mbili: adhuhuri nikiwa na ramani, na saa moja na nusu usiku nikiwa na mkoba wangu tu. Mara ya pili ndipo hujua taa iwekwe wapi, ukuta upi mrefu uwe na upenyo wa kuona ng'ambo, na choo kipi hakuna mwanamke atakayeingia kwa sababu mlango wake umeelekezwa uchochoroni.

Hayo hayafundishwi sana chuoni. Nimejifunza kwa kuogopa.

Majengo ya mlimani

Wiki yangu ya kwanza Embu nilikuwa mpweke. Ijumaa nikasikia adhana, nikaifuata, nikafika mtaa unaoitwa Majengo. Nilisimama nikacheka peke yangu. Baadaye nikakuta Majengo nyingine Meru.

Haikuwa bahati. Wakoloni walifungua kituo chao Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Nyuma yao walikuja askari, wapagazi, wapishi na wafanyabiashara, wengi wao Waislamu, lugha yao ikiwa Kiswahili. Katika miji mingi ya bara watu hawa walitengewa mtaa wao, ukaitwa Majengo au Mjini. Nairobi ilifanya hivyo Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikihamisha watu wa vijiji vya zamani. Kimojawapo kiliitwa Mombasa. Kijiji cha Pangani, nacho cha huko huko Nairobi, kilibomolewa mwaka 1939.

Watu wale walikwenda na ramani ya nyumba yetu kichwani. Nyumba chache za zamani nilizokaribishwa huko zina mpango ule ule wa kwa bibi: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Udongo ni mwekundu, bati limechukua mahali pa makuti, na baridi inaingia mlangoni, lakini ningeweza kutembea humo nimefumba macho.

Kwa nini nyumba hii ilisafiri mbali hivyo? Kwa sababu hujengwa kidogo kidogo na huzaa kodi. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja na kupangisha vingine, kila mpangaji na mlango wake, wote wakigawana ua. Nairobi ya zamani, miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi, waliojenga kwa fedha zao wenyewe wakati hakuna benki ambayo ingewasikiliza. Kwa hiyo mtu akiniambia kazi ya miji ni ya wanaume, humwambia wanawake waliijenga miji hii kabla bibi yangu hajazaliwa. Walichokosa ni kuandikwa jina kwenye ramani.

Mstari nilioukosea

Sasa niseme lile linaloniuma. Mji wenyewe siutaji.

Tulikuwa tunatengeneza mpango wa njia ya kuingia sokoni. Kwenye makaratasi hifadhi ya barabara ilikuwa mita 15. Chini, iliyobaki wazi ilikuwa 9, kwa sababu upande mmoja kulikuwa na vibanda 40 vya akina mama wa mboga na ndizi. Nikachora mstari ulionyooka. Ulikuwa mstari mzuri, nikasifiwa.

Sheria inataka wananchi washirikishwe. Kikao kikaitishwa Jumanne saa nne asubuhi, katika ukumbi wa hoteli. Jumanne ilikuwa siku ya soko. Walikuja wenye majumba, maafisa, vijana wawili waliosikia kuna chai, na orodha ya mahudhurio ikajaa sahihi. Kisheria, tulikuwa tumeshirikisha umma.

Kesho yake nikaenda kununua ndizi kwa mama niliyezoea kununua kwake. Akaniuliza kikao chetu kilihusu nini. Nikamweleza, na nilipokuwa nikieleza nikaona macho yake yanapima umbali kutoka kibanda chake hadi ukingo wa njia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si mko na miguu? Mbona hamkuja hapa?"

Sikuwa na la kumwambia. Niliomba ofisini turudie kikao. Nikaambiwa muda umekwisha na fedha za mradi zikichelewa zitarudishwa. Nikaandika barua ndefu, nikaipeleka, na kwa wiki mbili sikusalimiwa vizuri. Mwishowe tukapewa saa mbili tu, alasiri, sokoni, wote tumesimama. Katika saa mbili zile tulijua mambo ambayo miezi sita ya kupima haikutuambia: lori hupakua alfajiri tu, kwa hiyo njia haihitaji upana ule mchana kutwa, na mtaro tuliouchora ungepeleka maji ya mvua moja kwa moja kwenye magunia ya nafaka.

Mstari ukasogezwa. Vibanda 26 vikabaki. Vingine 14 vikahamishiwa nyuma, mahali ambapo wapita njia ni wachache. Yule mama alikuwa mmoja wa wale 14. Bado nanunua kwake. Huniambia mauzo yamepungua, kisha hunizidishia ndizi mbili, nami sijui nizichukue au nizikatae.

Mlima na bahari

Utaniuliza haya yanamhusu nini mtu wa Kisauni au Likoni. Angalia sokoni Kongowea: viazi, kabichi na ndizi za mlimani ziko pale. Barabara iliyopindika njia ile ya ndizi inatufikia sisi kwa bei.

Na hutufikia kwa misiba. Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, wakafa zaidi ya watu 30. Mteremko na kona za pale zilikuwa zimeshaua watu kabla ya siku hiyo. Mimi hupita pale kila nikija nyumbani, na abiria wote hunyamaza bila kuambiwa.

Mei 2024 ilikuwa zamu ya mugoka. Magavana wa Pwani walipoupiga marufuku nilikuwa Embu, ambako zao hilo ni tegemeo la wakulima wa Mbeere, sehemu kavu za kaunti. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo. Wiki zile nilikuwa mtu wa Mombasa kila nilipoingia dukani, na nikipiga simu nyumbani nikawa mtu wa Embu. Namjua mama wa mtaani kwetu ambaye mtoto wake hatoki kwenye majani yale. Namjua pia baba wa Mbeere aliyesomesha wanawe kwa majani hayo hayo. Sikupata jibu la kuwaridhisha wote wawili. Ila niliona wazi kuwa mipango yetu inaishia kwenye mpaka wa kaunti, ilhali maisha hayaishii hapo.

Nyumba bila ardhi

Mwezi Machi bibi alipokea barua. Warithi wa ardhi iliyo chini ya nyumba yake wanataka kuuza.

Wasomaji wa Mombasa wanalijua jambo hili, lakini wenzangu wa bara hushangaa nikiwasimulia: mtu kumiliki nyumba na asimiliki udongo iliyosimama juu yake. Mizizi yake ni ya zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wapeleke madai yao ya umiliki. Waliojua na waliokuwa na uwezo walipeleka wakapata hati. Wengi hawakupeleka, na ardhi ikahesabiwa ya serikali. Kisha, mji ulipopanuka nje ya Mji wa Kale, wenye hati walikodisha viwanja, na wapangaji wakajenga nyumba zao za Kiswahili juu yake. Ndivyo Majengo ilivyojaa. Babu alijenga, bibi akalipa kodi ya ardhi, na risiti zote zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Jamaa wanadhani kwa kuwa nimesomea miji, nina dawa. Sina. Masuala ya umiliki na fidia ni ya wakili, na tumemtafuta. Ninachoweza kusema ni sehemu ya mpangaji, nayo itamfaa kila msomaji aliye katika hali kama hii:

Kwanza, kununua ardhi si kibali cha kujenga. Anayetaka kujenga ghorofa, au kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi kuwa biashara, lazima aombe kibali cha kaunti. Mabadiliko ya matumizi hutangazwa, na jirani ana haki ya kupinga kwa maandishi.

Pili, kila kaunti inatakiwa kuwa na kamati ya kusikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Usiporidhika nayo, unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini rufaa ina muda wake. Tangazo usiloliona leo, kesho huna la kulalamikia.

Tatu, mpango wa mji ni hati ya umma. Nenda ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti uombe kuuona. Uliza mtaa wako umewekewa matumizi gani. Ukiitwa kikaoni na saa yenyewe haikufai, andikeni barua ya pamoja mkitaka kikao kifanyike mtaani, na mbaki na nakala yenye muhuri.

Haya hayazuii mauzo. Yanaweza kuzuia mtaa usigeuzwe usiku mmoja, wenyewe wakiwa wamelala.

Marejeo

Nimepewa nafasi ya kubaki Meru, mkataba mrefu zaidi, mshahara mzuri kuliko nitakaoupata Mombasa hivi karibuni. Nimeupenda mji ule. Nina chumba chenye dirisha linalotazama msitu, nina majirani wanaonisalimia "Muga" na kuniletea nduma. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini hawakusema arudi mwezi gani wala kodi ataitoa wapi.

Juma lililopita nilimsimulia bibi habari za mama wa ndizi, tangu mwanzo hadi mwisho, ile Jumanne na zile saa mbili za kusimama sokoni. Alisikiliza kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kumbe kazi yako ni kuwauliza watu kabla hawajahamishwa. Mbona hukusema siku zote?" Akanyamaza kidogo. "Na sisi huku, nani atakuja kutuuliza?"

Nimeomba mkataba wangu wa Meru uishe Desemba.